Jina Lililotangulia

Fomu ilikuwa na kurasa kumi na moja, na Specioza alikuwa amezijaza zote vizuri, isipokuwa kisanduku kimoja kwenye ukurasa wa saba. Hicho alikiacha kitupu.

Daktari Romana alivua miwani, akaifuta kwa pindo la kitenge, akaivaa tena. Kisanduku kilibaki kitupu vilevile. Juu yake paliandikwa kwamba mwombaji ataje kazi moja ya utafiti aliyoiongoza yeye mwenyewe, na mdhamini wake athibitishe kwa barua.

"Spe, mwanangu, hapa mbona hujaandika kitu?"

"Sina cha kuandika, mama."

"Huna? Na ile ya masuke?"

Specioza alimtazama kwa mshangao wa kweli, kama mtu aliyeulizwa iwapo Mpanda kuna kituo cha treni.

"Ile si ya kwako, mama? Jina lako ndilo la kwanza."

Aliyasema bila kinyongo hata chembe, na ndiyo maana yalimchoma Romana kiasi kile. Angeyasema amenuna, angekemewa kidogo na mambo yangeishia hapo. Lakini binti wa watu alikuwa anasema anachokiamini. Romana alijitia kukohoa, akamwambia aiache fomu mezani, atamwita.

Romana alikuwa na miaka hamsini na nane, na ishirini na tisa kati ya hiyo ameimaliza akitafiti mbegu katika kituo kidogo cha utafiti pembeni mwa Kawajense, hapo Mpanda: nyumba tatu za bati, shamba la majaribio, na pikipiki moja inayowaka ikijisikia. Specioza alikuwa msaidizi wake wa mkataba, mtoto wa wakulima wa mpunga wa Usevya, mwenye shahada mbili na haya nyingi. Kuna mfuko mmoja wa Afrika Mashariki uliotangaza ufadhili wa mafunzo ya utafiti kwa vijana: miaka mitatu mtu anasomea udaktari kwa swali lake mwenyewe, akiwa na mlezi wa kumshika mkono na mdhamini wa kumsemea. Masharti yao hayakuwa na mzaha. Ikipita miaka mitano tangu umalize shahada ya pili, usijisumbue kuomba. Ya Specioza ilikuwa inatimia Desemba, mwezi uleule ambao mkataba wake ungekwisha. Akikosa safari hii, hakuna safari nyingine; anafunga virago na kurudi Usevya kwenye majaruba ya mpunga ya baba yake. Siku hiyo ilikuwa Jumanne. Maombi yalikuwa yanafungwa Ijumaa saa kumi jioni.

Basi tuiseme hiyo kazi ya masuke ilivyokuwa, maana bila hiyo hakuna kisa.

Miaka mitatu nyuma, Specioza akiwa mgeni kituoni, alimwambia Romana jambo ambalo wote wawili walikuwa wameliona tangu wangali wanabebwa mgongoni. Wanawake wa Mpimbwe, huko kwao, kabla mpunga haujavunwa, huingia shambani asubuhi na kisu kidogo, wakapita wakichagua suke moja hapa, jingine kule, wakayafunga vitita na kuyaning'iniza jikoni juu ya moshi. Hiyo ndiyo mbegu ya mwaka ujao. Romana, mzaliwa wa Mamba, alikuwa ameona vitita hivyo kwa mama yake utoto mzima na hakuwahi kuuliza lolote. Specioza aliuliza. Wanachagua kwa kufuata nini? Na je, mbegu ile inashinda ya dukani mvua ikichelewa?

Alizunguka misimu miwili. Aliwafuata shangazi zake na mama zake wadogo kwenye tope hadi magotini, akapima, akapanda mbegu zote mbili katika vipande vya shamba ubavu kwa ubavu, akahesabu punje. Romana alifanya nini? Tusimwonee, alifanya yake: alimpa pikipiki, alimpa muda, alimfundisha kupanga takwimu, alimrudishia makala mara nne imejaa wino mwekundu. Mara ya tano Specioza aliileta safi, na juu kabisa, kabla ya majina mengine, palikuwa na jina la Romana.

Kwao Specioza ndivyo ilivyo. Mpunga mpya ukikobolewa, sahani ya kwanza anapelekewa mkubwa, hata kama mwaka huo hakushika jembe. Binti alipeleka sahani. Lakini katika kazi ya utafiti jina la kwanza si sahani ya heshima. Ni la yule aliyelima. Mgeni wa Usevya angeweza asilijue hilo. Romana alilijua kama anavyolijua jina la mama yake. Na alifanya nini? Alitabasamu. Akajisemea moyoni kwamba mtoto huyu amefundwa, akaipeleka makala kwenye jarida ilivyo. Makala ikapendwa. Kwenye mkutano mmoja Arusha watu walipanga foleni kumshika mkono, naye akawaitikia ahsante, ahsante, huku Specioza amesimama nyuma amemshikia mkoba.

Na sasa makala hiyohiyo ilikuwa ya kwanza kwenye jalada lake la kuomba cheo cha mtafiti mkuu, jalada ambalo kamati ingelikalia mwezi uliofuata. Miaka miwili tu ilibaki astaafu. Alikitamani cheo kile, wala hakuona haya kukitamani.

Jioni hiyo aliifunga ofisi, akatembea kwa miguu kuelekea Majengo, nyumbani. Alipofika karibu na stesheni alisikia mabehewa yakigongana, na hapo hapo, bila kuombwa, mwaka tisini na sita ukamjia.

Alikuja Mpanda kwa treni ya kutoka Tabora, ana miaka ishirini na tisa, sanduku la bati na godoro lililokunjwa kwa kamba ya katani. Mzee Hezron Manyanda, mkuu wa kituo wakati huo, alimpokea mwenyewe akiwa na Land Rover isiyo na mlango wa kushoto. "Kaa upande wangu huku," alimwambia, "upande ule tunapakia watu tusiowapenda." Romana alicheka mpaka akasahau uchovu wa njia nzima. Ee, siku zile! Chai ya saa nne kwenye chupa ya bati, mihogo ya kuchoma, Mzee anasoma takwimu kwa sauti utadhani anasoma somo kanisani. Hapakuwa na kompyuta wala simu za mkononi. Palikuwa na daftari, penseli, na mtu anayekusikiliza unapoongea. Hakuna aliyewahi kumsikiliza Romana hivyo, si nyumbani, si chuoni.

Mzee alimtuma Mishamo, kwa wakimbizi wa Kirundi, akahesabu ekari za mahindi. Romana alizihesabu. Lakini alichorudi nacho ni maharage. Aliona kina mama wa kule wanachanganya mbegu za rangi sita, saba, wanazifukia kwenye majivu ndani ya vyungu, na mwaka mzima unapita hayajabunguliwa hata moja. Akaomba baiskeli. Mzee akampa baiskeli ya kiume yenye kengele mbovu, akamwambia, "Nenda, usirudi mpaka umejua kwa nini." Alikwenda. Miezi minane alipita kijiji hadi kijiji, vumbi limemjaa hadi kope, anakula ugali wa muhogo kwa watu ambao Kiswahili walikijua nusu na yeye Kirundi hakukijua hata robo. Anayakumbuka majivu yale yalivyokuwa na joto ndani ya chungu, na mama mmoja aliyemshika kidole akakiingiza humo ili aamini. Hakuwahi kuwa na furaha kama ya miezi ile. Alipoolewa alifurahi, alipozaa alifurahi, lakini ile ya Mishamo ilikuwa furaha ya namna yake.

Aliporudi aliandika kila kitu, na juu akaliweka jina la Mzee Hezron Manyanda. Mzee alitabasamu.

Romana alisimama katikati ya njia. Bodaboda ikampigia honi, ikamzunguka.

Mwaka uliofuata aliomba ufadhili wa kwenda Ulaya kujifunza utafiti, na akakataliwa. Barua ilikuwa na mistari minne. Uliomkata maini ni wa tatu: hatukuona kazi uliyoiongoza mwenyewe. Mzee alimnunulia soda, akamwambia, "Hao hawakujui, Romana. Mimi nakujua." Maneno hayo aliyatunza miaka yote. Amewasimulia wanawe, ameyasema hata kaburini Mzee alipozikwa, na watu wakalia. Udaktari wake aliupata akiwa na miaka arobaini na sita, mvi zimeshaanza, amechoka. Hata siku moja hakuwahi kuliweka tabasamu la Mzee karibu na ule mstari wa tatu. Sasa vilikuwa vimekaa pamoja, na havikuachana tena.

Je, Mzee alikuwa mtu mbaya? Hapana, na hapo ndipo ugumu ulipo. Angekuwa mbaya, Romana angemchukia jioni ileile na kulala usingizi. Alikuwa mtu mwema aliyempenda kama binti yake, na alimlia miaka kumi na tano ya maisha yake huku akitabasamu. Romana alifika nyumbani akaketi kitandani na viatu miguuni. Alimlilia Mzee Manyanda mara ya pili, na safari hii kilio kilikuwa na hasira ndani yake.

Jumatano alianza kuandika barua ya mdhamini. Ya kwanza ilisema "tulishirikiana kwa karibu." Aliisoma, akaona ni woga uliovaa suti. Ya pili ilisema Specioza "alitoa mchango mkubwa," maneno wanayopewa wapishi wa sherehe. Aliifuta nayo. Ya tatu aliipata Alhamisi saa tano asubuhi, na ilisema hivi: wazo lilikuwa la Specioza, mashamba aliyachagua yeye, vipimo alichukua yeye, hitimisho ni lake. Jina langu limetangulia kwa sababu alinipa heshima, nami niliipokea nikijua kabisa kwamba si mahali pangu.

Aliandika na barua nyingine mbili fupi, moja kwa jarida kuomba majina yapangwe upya, moja kwa kamati ya vyeo kuomba makala ile iondolewe kwenye jalada lake. Kisha akamwita Specioza.

Specioza aliisoma ya mdhamini amesimama. Alipofika katikati alivuta kiti.

"Mama, hii usitume."

"Kwa nini?"

"Itakuharibia. Na mimi je? Nyumbani wakisikia nimemshusha mtu aliyenilea, si wataniona sina adabu? Baba hatanielewa kabisa. Bora nikose."

"Bora ukose?"

"Ndiyo, mama. Kukosa ni kawaida. Kuna watu wengi tu wamekosa na wanaishi."

Romana alitaka kugomba. Ulimi ulikuwa tayari, na alikuwa mwanamke anayejua kugomba. Badala yake alimwambia akae vizuri, akamsimulia habari za maharage ya Mishamo, kuanzia kengele mbovu ya baiskeli mpaka ule mstari wa tatu. Hakuwahi kumsimulia mtu kwa namna hiyo.

"Mimi nilikosa nikaishi, kama unavyosema," alimaliza. "Lakini nilikosa kwa jambo ambalo mtu mmoja angeweza kulirekebisha kwa kalamu, akiwa ameketi tu. Sitaki uje unililie na hasira, Spe. Juzi usiku mimi nilimlilia Mzee hivyo, na sitaki nawe yakupate."

Specioza alikunja na kukunjua pembe ya fomu. Mwishowe aliuliza kwa sauti ndogo, "Huyo mzee, alijua?"

"Sijui. Mimi nilijua. Hiyo ndiyo tofauti, na ni mbaya kwangu, si kwake."

Kisanduku cha ukurasa wa saba kilijazwa mchana ule. Mtandao wa Mpanda ulifanya vituko vyake Ijumaa nzima, ukaja, ukaondoka, na maombi yaliondoka saa tisa na dakika hamsini, Specioza akiwa amesimama juu ya kiti ameinua simu kuelekea dirishani. Barua nyingine mbili zilikwenda siku hiyohiyo. Kamati haikuchelewa kujibu: jalada lilirudishwa, likiwa pungufu, na kwa umri wake hakutakuwa na kamati nyingine. Romana atastaafu na cheo alichonacho. Aliisoma mara moja, akaitia kwenye droo, akaenda kunywa chai. Chai haikupita vizuri, lakini aliimaliza.

Usaili ulikuja mwezi wa nane, asubuhi, kwa njia ya kompyuta. Jopo lilikuwa la watu watatu, na mwenyekiti, mama mmoja mwenye sauti ya upole, alisema mwombaji ajibu kwa lugha inayomkaa vizuri. Mdhamini aliruhusiwa kuketi chumbani, na Romana aliketi, amevaa kitenge chake cha kanisani, kiti chake kikiwa ubavuni mwa cha Specioza. Mwanzo ulikwenda vizuri. Specioza alieleza majaruba, moshi, mvua zilizochelewa. Ndipo mwenyekiti akauliza:

"Tumesoma barua ya mdhamini. Lakini tungependa kulisikia kwako. Wazo hili lilikuwa la nani?"

Specioza alimtupia Romana jicho, kisha akainamisha kichwa. Shingo yote ililegea, kama anavyokaa binti wa Usevya mbele ya mkubwa wake.

"Kwa kweli... Daktari Romana ndiye aliyeniongoza kwa kila kitu. Bila yeye mimi..."

Mwenyekiti aliandika kitu. Romana alikiona kichwa chake kikiinama kuandika. Barua zote zile, cheo kile, na mtoto alikuwa anamrudishia sahani mbele ya watu! Akafungua mdomo kumsahihisha, akaufumba. Angemsahihisha, ingekuwa yeye tena anayesema. Tatizo halikuwa maneno ya Specioza. Tatizo lilikuwa kile kiti cha pembeni na mtu aliyekikalia.

Akasimama.

"Naomba mniwie radhi," aliiambia kompyuta. "Mimi natoka nje. Mwulizeni tena nikishatoka."

Specioza alimtazama akiwa ameduwaa. Romana hakumpapasa bega wala kumkonyeza. Alitoka, akaufunga mlango nyuma yake, akakaa kwenye benchi la barazani chini ya dirisha.

Alimsikia mwenyekiti akirudia swali lake. Kisha alisikia koo likisafishwa.

"Wazo lilikuwa langu," Specioza alisema. Alisema taratibu, kisha akaongeza mwendo. "Nililipata kwa mama yangu, jikoni. Mashamba niliyachagua mimi, vipimo nilichukua mimi. Daktari Romana alinipa pikipiki na muda, na alinifundisha kuandika. Yaliyobaki nilifanya mwenyewe. Niulizeni chochote."

Pikipiki na muda. Mchango wa Romana wa miaka mitatu ulikuwa umewekwa kwenye mizani ukapata uzito wake halisi, si gramu zaidi. Ulimuuma, nisikufiche. Ulimuuma na ukamfurahisha kwa mpigo mmoja, hata hakujua ashike lipi. Ufadhili binti aliupata, barua ilikuja Septemba na Usevya wakachinja mbuzi. Lakini Romana hakuhitaji kuisubiri hiyo barua. Alikuwa amekwisha kuisikia sauti ile ikipita dirishani bila kutetemeka.

Mikidadi, mlinzi wa zamu ya mchana, alikuwa anamwagilia maua ya barazani. Alikuwa mtu mzima wa makamo, muuza duka wa zamani, na kituoni hapo hakuwa na hata miezi miwili.

"Mama daktari, kwema? Naona machozi."

"Kwema." Romana alijifuta macho. "Mikidadi."

"Naam, mama."

"Mwaka tisini na sita nilifanya kazi moja kule Mishamo. Ya maharage. Ilikuwa kazi yangu. Niliifanya mimi mwenyewe."

Aliyasikia maneno yakitoka kinywani mwake, mazima, mbele ya mtu. Alijisikia kama mtu aliyekiri kosa.

Mikidadi alitua ndoo chini. Hakujua maharage gani, wala kwa nini aambiwe leo. Lakini mtu akikwambia amefanya kazi akaimaliza, jibu lake kila mtu analijua.

"Basi hongera sana, mama," alisema, akajifuta mkono kwenye suruali, akampa.

Romana aliupokea kwa mikono miwili. Kwa kazi ile, ilikuwa hongera yake ya kwanza.